Kuhamisha vitufe vya kibodi ya laptopu: kinachohama na kisichohama

Chomoa kifuniko cha E kwenye laptopu, kipachike mahali pa K, kisha bonyeza hapo: kioo kitaandika k. Kibodi haisomi kilichochorwa juu yake. Inachokijua ni nafasi tu. Kila kitufe kina namba yake, na kinapobonyezwa, namba hiyo ndiyo hupelekwa kwenye mfumo endeshi, uwe Windows, macOS au Linux. Mfumo hufungua jedwali lake na kuamua kwamba namba hii ni herufi fulani. Kwenye kibodi ya USB, kitufe kilicho kushoto kwa S hutuma namba 4, hata ukikichora ua. Ndiyo sababu laptopu ya kuuzwa Ufaransa na ya kuuzwa Ujerumani zinaweza kuwa na kibodi ileile kwa ndani. Kinachotofautiana ni wino wa juu na jedwali lililochaguliwa kwenye mfumo.

Kwa hiyo anayetaka kuacha QWERTY, mpangilio wa herufi uliozoeleka kwenye kibodi nyingi, ana kazi mbili, na kazi hizo hazifanani. Kubadili jedwali huchukua dakika chache, hakuhitaji kifaa chochote, na ukijuta unarudi ulikotoka. Kuhamisha vifuniko ni kazi ya mikono, ina vijino vya plastiki vinavyovunjika, na jino likishavunjika halirudi. Wengi huanza na hii ya pili kwa sababu ndiyo inayoonekana kwa macho. Inatakiwa iwe ya mwisho, na kwa baadhi ya laptopu isifanywe kabisa.

Mipangilio yenyewe

QWERTY ilitokana na mashine ya kupiga chapa ya Christopher Latham Sholes wa Milwaukee, Marekani, aliyepata hataza yake ya kwanza na wenzake mwaka 1868. Kampuni ya Remington iliingiza mashine hiyo sokoni mwaka 1874. August Dvorak, akishirikiana na William Dealey, alipata hataza ya mpangilio wake mwaka 1936: irabu zote ziko safu ya kati upande wa kushoto, na konsonanti zinazotumika sana katika Kiingereza ziko safu hiyohiyo upande wa kulia. Colemak ya Shai Coleman ilitoka mwaka 2006 ikiwa na nia ya wastani zaidi, yaani kupunguza safari za vidole bila kuvuruga kila kitu. Inahamisha vitufe 17 tu. Q, W, A, H, Z, X, C, V, B na M zinabaki palepale. Kwa Dvorak, herufi zinazobaki ni mbili, A na M. Ukihesabu na alama za uandishi, vitufe vinavyohama ni 33.

Kuhusu kasi, tahadhari. Jaribio la Earle Strong lililofanyiwa serikali ya Marekani mwaka 1956 halikuona faida ya kuwafundisha upya wachapaji wa QWERTY waje Dvorak. Anayekuahidi kasi maradufu anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Kinachoweza kupimwa bila ubishi ni umbali ambao vidole vinasafiri, na mara ngapi kidole kimoja kinalazimika kuandika herufi mbili mfululizo. Hapo ndipo Kiswahili kinapokuwa na neno lake.

Chukua neno "huyu" kwenye QWERTY. H, U, Y, U: zote nne ni za kidole cha shahada cha mkono wa kulia. "Nyumba" nayo huanza na N, Y, U, M, zote za kidole hichohicho, kinachoruka kutoka safu ya chini kwenda ya juu na kurudi, wakati vidole vingine tisa vinatazama. Kila penye hu, mu, nu, ju na yu, hali ni hiyo.

Lakini usidhani Dvorak ni dawa. Ndani yake K imekaa pale ilipokuwa V, na U na I ziko pale zilipokuwa F na G. Zote tatu ni za kidole cha shahada cha kushoto. Kiingereza hakina ki na ku nyingi, kwa hiyo aliyeipanga hakuwa na sababu ya kujali. Kiswahili kina ku- ya kitenzi, ki- ya ngeli, na -ki- ya masharti. Neno "kuku" unaliandika kwa kidole kimoja mwanzo hadi mwisho, na "kukiuka" ni herufi sita mfululizo za kidole hicho kabla ya A kukipumzisha. Ongeza mb, ambayo Dvorak imeiweka yote kwenye kidole cha shahada cha kulia: jambo, mbali, mbegu. Faida yake iko kwingine. W imehamia mkono wa kulia, hivyo "wa" na "wana" hugawanywa vizuri kati ya mikono miwili, na kwa jumla lugha ya konsonanti na irabu zinazopokezana hufurahia irabu zote kukaa upande mmoja.

Colemak inatibu "nyumba" na "huyu". Ugonjwa wake ni mwingine: M, N, K, H, J na L zote zimeangukia kidole cha shahada cha kulia. Mlango, mkono, mji, njia, mnyama. Kila moja inaanza na herufi mbili za kidole kimoja. Na A, herufi inayochoka kuliko zote katika Kiswahili, iko chini ya kidole cha mwisho cha kushoto katika mipangilio yote mitatu. Hakuna hata mmoja uliotengenezwa kwa ajili yetu.

Anayeandika Kiswahili na Kiingereza kwa zamu kwenye laptopu moja atapata urahisi zaidi kwa Colemak, na sababu kubwa si vidole bali ni vifuniko na njia za mkato, kama itakavyoonekana hapa chini. Anayeandika Kiingereza karibu kila saa, hasa kwenye kibodi ya nje, Dvorak inamfaa vilevile.

Jedwali kwanza

Kwenye macOS, Dvorak na Colemak zimo tayari katika orodha ya vyanzo vya uingizaji, ndani ya mipangilio ya kibodi, chini ya Kiingereza. Ipo hata Dvorak ya pekee inayorudi QWERTY kwa muda kila unaposhikilia kitufe cha Command. Kwenye Windows, Dvorak imo katika mipangilio ya lugha kwa jina la United States-Dvorak. Colemak haimo kwenye matoleo ya zamani, hivyo husakinishwa pembeni, au hutengenezwa kwa programu ya Microsoft iitwayo Keyboard Layout Creator. Kwenye Linux inayotumia X11, mfumo wa zamani wa kuonyesha madirisha, amri ni moja:

setxkbmap us -variant colemak

Weka dvorak mahali pa colemak ukitaka ile nyingine. Amri hiyo hufa ukitoka kwenye kikao. Ili idumu kwenye Debian na jamaa zake, andika XKBLAYOUT="us" na XKBVARIANT="colemak" ndani ya faili /etc/default/keyboard. Wanaotumia Wayland, mrithi wa X11, waende kwenye mipangilio ya eneokazi lao.

Usiiondoe QWERTY kwenye orodha. Iache ikiwa ya pili, nawe ujue kitufe cha kubadilishia. Kwenye Windows ni kitufe cha Windows pamoja na kile kirefu cha kuachia nafasi. Ujue pia kwamba Alt na Shift ya kushoto zikibonyezwa pamoja zinaweza kubadili mpangilio bila kukuambia. Malalamiko mengi ya "kibodi imeharibika inaandika matakataka" huishia hapo.

Kinachowakwamisha watu hasa ni nenosiri. Jedwali jipya linafanya kazi baada ya mfumo endeshi kuamka. Kabla ya hapo, nenosiri la UEFI (programu ya ndani inayoiwasha mashine) na maandishi ya GRUB (menyu ya kuchagua mfumo wa kuwasha) hutumia QWERTY ya Marekani bila kukuuliza. Nenosiri la kufungulia diski iliyosimbwa kwenye Linux linaweza kufuata jedwali la zamani au jipya, kutegemea ni lipi lilifungwa ndani ya faili za kuwashia mashine. Mtu huandika nenosiri sahihi mara kumi na kukataliwa mara kumi, kwa kuwa nyota zilizo kwenye kioo hazisemi ni herufi gani iliyoingia.

Dawa ni kubadilisha nenosiri hilo kabla ya kugusa mpangilio, ulijenge kwa vitufe visivyohama. Kwa Colemak una herufi kumi zilizotajwa pamoja na tarakimu zote. Kwa Dvorak una A, M na tarakimu. Wigo umepungua, kwa hiyo refusha: tarakimu 16 au 20 zilizochaguliwa bila mpangilio badala ya 8. Hilo litaandikika sawasawa popote. Usisahau skrini ya kuingilia ya Windows, ambayo inaweza kuwa na mpangilio wake tofauti na wa akaunti yako. Kabla ya kuandika, tazama alama ya lugha iliyo kwenye kona yake.

Tatizo la pili huonekana ukiunganisha kompyuta ya mbali, au ukiendesha mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigizwa na programu, ndani ya mashine yako. Programu nyingine hupeleka namba ya nafasi, nyingine hupeleka herufi iliyokwisha kutafsiriwa. Ukiwa na Colemak pande zote mbili na programu ikapeleka herufi, tafsiri hufanyika mara mbili na maneno hutoka yakiwa supu. Acha mpangilio maalumu upande mmoja tu. Jaribu kwanza kwenye mashine yako, ikigoma, geuza. Michezo ya kompyuta nayo iko hivyohivyo: ile inayosoma nafasi haitajua kwamba umehama, ile inayosoma herufi itatawanya W, A, S na D kila upande.

Njia za mkato ndizo zinazoitofautisha Colemak na Dvorak kwa anayefanya kazi kila siku. Z, X, C na V za kutendua, kukata, kunakili na kubandika hazihami kwenye Colemak. Kwenye Dvorak, X huenda mahali pa B, C mahali pa I, V mahali pa nukta, na Z mahali pa mkwaju (/). Kunakili kwa mkono mmoja huku mwingine ukiwa kwenye kipanya kumekwisha. Wanaotumia vi, programu ya kuhariri maandishi, na ndugu zake, kwa kuwa h, j, k na l ndizo mishale yao, watapata j na k zikiwa jirani kwenye Dvorak, pale zilipokuwa C na V. Kwenye Colemak, j hupanda hadi mahali pa Y na k hushuka hadi mahali pa N. Hapo Dvorak inashinda, jambo ambalo wengi hawalitarajii.

Kaa na jedwali jipya wiki tatu au nne kabla hujachomoa kifuniko chochote. Chapisha picha ya mpangilio kwenye karatasi, uisimamishe chini ya kioo, na macho yabaki juu. Vifuniko vinavyosema uongo ni mwalimu mzuri wakati huo, maana kuvitazama hakusaidii kitu. Anayeshindwa kupumzika kazi kwa wiki nzima anaweza kupita njia ya Tarmak, yenye hatua nne za katikati kabla ya kufika Colemak kamili. Hatua ya kwanza inahamisha vitufe vinne tu: E inakwenda mahali pa K, K mahali pa N, N mahali pa J, na J inaegeshwa mahali pa E kwa muda. Ukizoea, unasogea mbele.

Baada ya mwezi wengi hugundua kwamba hawahitaji tena kuhamisha vifuniko. Sababu za kuendelea zipo, lakini ni chache: unaandika nenosiri kwa mkono mmoja, unatafuta njia za mkato kwa macho, au kibodi isiyolingana na maandishi inakukera tu. Kukereka ni sababu halali.

Kilichomo chini ya kifuniko

Kibodi nyingi za laptopu zina tabaka nne. Juu ni kifuniko. Chini yake kuna fremu mbili za plastiki zilizopishana kama mkasi, zinazokifanya kishuke sawasawa hata ukibonyeza pembeni. Katikati ya mkasi kuna kuba ndogo ya mpira inayokirudisha juu. Chini kabisa ni utando wenye nyaya zilizochapwa, ukiwa pamoja na bamba la chuma lenye ndoano ndogo zinazoshika miguu ya mkasi. Kifuniko hakishikwi na kuba. Kinashikwa na mkasi. Kwa kawaida ukingo mmoja una vijino viwili vinavyobana kwa mlio mdogo, na ukingo wa pili una mifereji inayoteleza tu.

Swali la kuamua safari nzima ni hili: je, vifuniko vya safu tofauti vinafanana kwa chini? Viwanda vingine hugeuza mkasi wa safu moja upande wa pili, au hutumia mikasi ya aina mbili kwenye kibodi moja. Hapo kifuniko kilichohamishwa ama hakibani, ama kinabana herufi ikiwa imepinduka kichwa chini. Kabla ya kuanza, toa vifuniko vitatu tu, Q, A na Z, uvilaze chali mezani. Linganisha umbali kati ya vijino, upande vilipo, na unene wa kingo. Visipolingana, rudisha vyote vitatu na uende moja kwa moja kwenye vibandiko vyenye herufi, vya kubandika juu ya vifuniko. Hapo hakuna ujanja wa kisu wala gundi utakaosaidia.

Laptopu mbili za kuogopwa zaidi. MacBook nyingi zilizotoka kati ya 2015 na 2019 zina utaratibu wa kipepeo badala ya mkasi: vipande vyake ni vyembamba mno, na huvunjika kwa kuinuliwa kidogo tu. Usiziguse. ThinkPad zenye kijiti chekundu katikati zina vifuniko vya G, H na B vilivyokatwa pembe ili kukipisha. Kwa Dvorak vyote vitatu vinahama, na vitakavyokuja mahali pao, yaani I, D na X, vina pembe kamili na vitagonga kijiti. Kwa Colemak anayehama ni G peke yake. Mwache alipo umbandike D, kisha kifuniko cha D chenyewe kibandike G na kukipeleka mahali pa T.

Dvorak ina kikwazo kingine. Kistari, alama ya sawasawa na mabano ya mraba navyo vimo kwenye mzunguko, na laptopu ndogo mara nyingi huvipunguza upana vitufe hivyo vya ukingo wa kulia ili vitoshe. Kifuniko cha Z hakiwezi kuvaa mahali pa mkwaju uliofinywa. Pima kwa rula kabla.

Kuchomoa na kupachika

Zima mashine kabisa, si kuilaza tu, na uchomoe chaja. Piga picha kibodi nzima kwa juu. Tumia kucha, au kipande cha plastiki chenye ncha nyembamba. Bisibisi ya chuma hupinda ndoano za bamba, na ndoano iliyopinda ndiyo ajali mbaya kuliko zote kwa sababu haibadilishwi peke yake. Anza na kitufe usichokitumia sana ili ujue vijino viko upande gani. Inua kona moja hadi usikie mlio, kisha kona ya pili ya ukingo huohuo, halafu telezesha kifuniko kuelekea upande wa mifereji. Kikikataa, uko upande usio wake. Usivute moja kwa moja kwenda juu.

Mkasi ukitoka pamoja na kifuniko, si msiba. Utoe taratibu, uangalie upande gani ulitazama juu, uurudishe kwenye ndoano za bamba kwanza, kisha ndipo uweke kifuniko. Kuba ya mpira ikibanduka, ipakie gundi kidogo sana kwenye ukingo wake kwa ncha ya sindano. Gundi ikiingia ndani ya kuba au ikasambaa kwenye utando, kitufe hakitaandika tena.

Usichomoe vifuniko vyote kwa mkupuo. Colemak ni mizunguko miwili, na ukiifuata hutakuwa na pengo zaidi ya moja kwa wakati wowote. Ng'oa E uiweke kando. Pengo la E lipe F. La F lipe T. La T lipe G. La G lipe D. La D lipe S. La S lipe R. La R lipe P. La P lipe nuktamkato. La nuktamkato lipe O. La O lipe Y. La Y lipe J. La J lipe N. La N lipe K. Na pengo la K lipokee ile E iliyongoja. Hivyo ni vitufe 14. Mzunguko wa pili ni wa vitatu: ng'oa U, pengo lake lipe L, la L lipe I, la I lipe U. Ukikwama njiani, angalia pengo liko wapi, utajua umefika wapi.

Dvorak ina mizunguko minne: mmoja wa vitufe 15, mmoja wa 14, na miwili ya kubadilishana tu, W na mkato, halafu bano la kufunga na alama ya sawasawa.

Kupachika ni kinyume cha kuchomoa. Ingiza mifereji kwanza, laza kifuniko, kisha kandamiza ukingo wa vijino kwa kidole gumba hadi mlio usikike mara mbili. Bonyeza pembe zote nne. Kona moja ikizama kuliko nyingine, jino moja halijashika. Kifuniko kikinesa bila kurudi juu, kuba imehama katikati. Kikikwama chini, mguu wa mkasi umetoka kwenye ndoano. Jino likiwa limekatika, tafuta kibodi mbovu ya muundo uleule uchukue kifuniko chake. Kufanana kwa macho hakutoshi, kwani laptopu ya jina lilelile hupewa kibodi za viwanda tofauti.

Vinundu vya F na J

Hapa ndipo waliofanikiwa yote hapo juu hushangaa kwa nini vidole vinapotea. Vile vinundu vidogo kwenye F na J huviambia vidole vya shahada kwamba viko nyumbani. Ukihamisha vifuniko, vinundu vinahama navyo. Kwenye Colemak, F huishia mahali pa E, na J mahali pa Y. Nyumbani sasa kuna T na N, zote laini. Kwenye Dvorak nyumbani kuna U na H, huku kinundu cha F kikiwa mahali pa Y na cha J mahali pa C, vikidanganya.

Suluhisho safi kwa Colemak ni kutohamisha F na J kabisa. Ziache zilipo, F ibandikwe T na J ibandikwe N. Kifuniko cha T kibandikwe F kiende mahali pa E, na cha N kibandikwe J kiende mahali pa Y. Vibandiko vinne, na vinundu viko pale vinapotakiwa. Njia nyingine ni kusugua vinundu vya zamani kwa msasa laini na kudondosha tone la gundi ya epoksi kwenye vifuniko vipya vya nyumbani, lakini msasa huacha alama inayong'aa, na kwenye kitufe chenye taa huweza kukwangua rangi mpaka mwanga ukapenya.

Taa inahusu vibandiko pia. Vya rangi nzito huziba mwanga, hivyo usiku utakuwa na kibodi yenye madoa meusi pale ulipobandika. Kwa kibodi yenye taa chagua vyenye herufi zinazopitisha mwanga. Pima uso wa kifuniko kwanza: upana wa laptopu nyingi ni kama milimita 15 au 16, na kibandiko kinachofika ukingoni huinuka kwa jasho la vidole, hivyo acha angalau milimita moja pande zote. Futa kifuniko kwa kitambaa chenye alkoholi ya isopropili, subiri kikauke, shika kibandiko kwa kibano, weka katikati, kandamiza kwa sekunde kadhaa.

Ukiona yote haya ni mzigo, kibodi ya nje inaondoa sehemu kubwa yake. Tafuta yenye vifuniko vya umbo moja kwa safu zote, kama vile vya DSA au XDA, ambavyo hupangwa upendavyo bila safu moja kuinuka kuliko nyingine. Ikiwa inaendeshwa na QMK, programu inayokaa ndani ya kibodi, unaweza kuweka mpangilio ndani ya kibodi yenyewe. Hapo mashine hupokea namba zilizokwisha kubadilishwa, na nenosiri la UEFI nalo huandikika. Ila usiwashe Colemak kwenye mfumo endeshi pia, ama sivyo utarudi kwenye supu ya tafsiri mbili.

Kwa aliyebaki na laptopu na tone lake la epoksi, kipimo cha mwisho ni karatasi moja nyembamba. Ilaze juu ya kibodi, funga kioo, kisha jaribu kuivuta polepole. Ikitoka bila kukwama, nafasi ipo. Ikishikwa juu ya T au N, tone limezidi urefu na litachora alama kwenye kioo ndani ya begi. Lipunguze kwa msasa na ujaribu tena kabla ya kuifunga laptopu bila karatasi.